Dhahabu ya Kabul na Watunza Funguo Wake

Makumbusho ya Taifa ya Afghanistan yako Darulaman, pembezoni mwa Kabul upande wa kusini-magharibi, jirani na kasri ambalo Mfalme Amanullah alianza kulijenga katika miaka ya 1920. Mkusanyiko wake ulihamishiwa hapo mwaka 1931, na kufikia miaka ya 1970 ulikuwa umepita vitu 100,000: zana za mawe, sanamu za Kibudha, sarafu za wafalme wa Kigiriki na wa Kikushani, vyombo vya shaba vya enzi za Kiislamu, vinyago vya mbao kutoka Nuristan. Makumbusho mengi makubwa duniani yamejaa mali iliyotolewa kwa watu wengine, mara nyingi bila ridhaa yao. Haya ya Kabul yalijaa mali iliyochimbwa na kukusanywa ndani ya nchi yenyewe.

Kasoro yake ilikuwa mahali yalipojengwa. Darulaman iko mbali na katikati ya jiji, mahali pa wazi, mwishoni mwa barabara pana iliyonyooka. Wakati wa amani wageni waliipenda safari hiyo. Wakati wa vita, jengo hilo lilikuja kuwa katikati ya wapiganaji, na watumishi wake walishindwa hata kulifikia kwa miezi.

Hazina mbili ndizo zilizoyapa makumbusho haya sifa. Ya kwanza ilitoka Begram, kaskazini mwa Kabul. Mwaka 1937, na tena 1939, wanaakiolojia wa Kifaransa Joseph na Ria Hackin walifungua huko vyumba viwili vilivyokuwa vimezibwa kwa matofali kwa karne nyingi. Ndani yake mlikuwa na vibao vya pembe za ndovu vilivyochongwa kwa mtindo wa Kihindi, mabaki ya vyombo vya China, shaba za Kirumi, na bilauri za kioo za dola ya Warumi, mojawapo ikiwa na umbo la mnara wa taa wa Iskandaria. Bilauri hizo haziko mbali sana na historia ya pwani ya Afrika Mashariki. Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa mabaharia wa karne ya kwanza unaoitaja Rhapta katika pwani ya Azania, ndio huohuo unaoeleza bandari ya Barygaza nchini India na kuwataja Wabaktria waliokaa bara, upande wa Afghanistan, nyuma ya bandari hiyo. Kwa utaratibu wa siku zile, sehemu ya vitu vya Begram ilipelekwa Paris katika makumbusho ya Guimet na sehemu ikabaki Kabul. Akina Hackin walikufa mwaka 1941 meli yao ilipozamishwa vitani; ripoti yao ya mwisho ilichapishwa na wengine.

Hazina ya pili ni ya Tillya Tepe, karibu na mji wa Sheberghan kaskazini mwa nchi. Mwishoni mwa mwaka 1978 kikosi cha Wasovieti na Waafghani, kikiongozwa na Viktor Sarianidi, kilikuta makaburi ya watu wakubwa wa kabila la wafugaji wa kuhamahama walioishi yapata karne ya kwanza. Makaburi sita yalichimbwa, matano ya wanawake na moja la mwanamume, na yakatoa vipande zaidi ya 20,000 vya dhahabu. Sehemu kubwa ya vipande hivyo ni vidogo mno, vya kushonewa kwenye nguo. Vingine ni vya kustaajabisha: soli za viatu za dhahabu, majambia yenye ala zilizopambwa kwa feruzi, sarafu ya Kaisari Tiberio. Taji la mwanamke mmojawapo limekatwa katika bamba jembamba la dhahabu, na mapambo yake matano yenye umbo la miti huchomolewa na kulazwa moja juu ya jingine. Ni taji la watu wasiokaa mahali pamoja, lililobuniwa likunjwe na kutiwa mkobani safari inapoanza. Waliochimba walikuwa na haraka pia. Nchi ilikuwa imeingia katika maasi tangu mapinduzi ya Aprili 1978, na kazi ilisimamishwa Februari 1979 huku kaburi la saba likiwa limeonekana lakini halijachimbwa. Dhahabu ilipelekwa Kabul.

Miezi miwili baadaye jeshi lilitwaa jengo la Darulaman kwa matumizi yake. Watumishi wa makumbusho waliamriwa kufunga kila kitu na kukihamishia katika nyumba moja katikati ya jiji. Mwaka 1980 wakavirudisha. Hamahama hiyo ilikuwa ya fujo na ilileta uharibifu, lakini ilikuwa na faida ambayo hakuna aliyeipanga: kikosi kidogo cha watu kilijua sasa, kwa kuifanya kazi yenyewe, namna ya kufunga makumbusho mazima ndani ya masanduku na inachukua muda gani. Mwezi Desemba 1979, katikati ya shughuli hizo, Wasovieti walikuwa wameingia nchini kwa jeshi.

Uamuzi uliookoa hazina ulifanywa miaka kumi baadaye. Wasovieti walimaliza kuondoka tarehe 15 Februari 1989, na watu wengi, ndani na nje ya nchi, waliamini kwamba serikali ya Rais Najibullah ingeanguka baada ya wiki chache. Kwa idhini yake, vitu bora vya makumbusho viliondolewa kwenye maonyesho, vikafungwa na kugawanywa. Vingine viliwekwa katika wizara ya habari na utamaduni katikati ya jiji. Vya thamani kubwa kabisa, ikiwemo dhahabu ya Tillya Tepe na sehemu ya pembe za Begram, viliteremshwa katika chumba cha hazina cha Benki Kuu, ndani ya uzio wa ikulu. Vilivyobaki viliachwa Darulaman. Mgawanyo huo ulikuwa na hesabu yake: kombora moja, moto mmoja au kundi moja la wezi lisiweze kumaliza kila kitu. Serikali haikuanguka baada ya wiki chache. Ilidumu miaka mitatu. Ndiyo kusema kwamba watumishi wale walifunga mizigo mapema mno kwa macho ya wakati ule, na kwa wakati hasa kwa mujibu wa yaliyofuata.

Ulinzi wa masanduku hayo ulisimama juu ya desturi ya zamani ya utawala wa Kiafghani. Mali ya serikali, iwe ghala la ngano au chumba cha sanamu, hukabidhiwa kwa mtu maalumu anayeitwa tahwildar. Huyo huweka sahihi yake kwa kila kitu kilichoandikwa kwenye daftari, hushika ufunguo, na hudaiwa yeye binafsi kinachopungua. Hawezi kustaafu wala kuhamishwa kabla ya kumkabidhi mwenzake kitu kimoja kimoja, daftari likiwa wazi kati yao. Mlango hufungwa kwa kufuli na kutiwa lakiri, ili hata mwenye ufunguo asiweze kuingia kimyakimya bila alama kuonekana. Katika habari ya chumba cha hazina, funguo ziligawanywa kwa watu kadhaa, kiasi kwamba mmoja pekee hakuweza kufungua, na mara nyingi husimuliwa kwamba mshika ufunguo akifa, ufunguo hurithiwa na mwanawe mkubwa. Watu wa utawala wa kisasa hudharau mfumo huo kwa sababu ni mzito. Kitu kimoja kinachohitaji watu wengi na daftari lote ili kisogezwe hakifai kwa makumbusho yanayotaka kubadilisha maonyesho kila msimu. Kwa vita mfumo huo ulifaa sana.

Mujahidina waliingia Kabul Aprili 1992 na punde wakaanza kupigana wao kwa wao. Kusini-magharibi mwa jiji pakawa mstari wa mbele, na jengo la Darulaman likapita mikononi mwa kundi hili na lile. Mwezi Mei 1993 roketi ililipiga. Paa na ghorofa ya juu vikaungua, pamoja na michoro ya ukutani ya kale na sehemu kubwa ya kumbukumbu za usajili. Hasara ya kumbukumbu ndiyo iliyoumiza zaidi baadaye, maana kitu kisicho na kadi wala picha, kikionekana dukani ugenini, hakina njia rahisi ya kudaiwa.

Uporaji ulikuwa umeshaanza. Wapiganaji walibeba walichokiona, na nyuma yao walikuja watu waliojua wanachokitafuta. Sarafu, ambazo ni rahisi kubeba na kuuza, zilitoweka karibu zote. Pembe za Begram zilizokuwa zimebaki ghalani zilichaguliwa kwa makini, na vitu visivyo na bei vikaachwa vimetawanyika sakafuni. Umoja wa Mataifa ulisaidia kuziba madirisha na kuweka milango ya chuma, lakini milango hiyo ilivunjwa. Mwaka 1994 kundi la wapenzi wa historia, Nancy Hatch Dupree akiwa miongoni mwao, liliunda nchini Pakistan chama cha kuhifadhi urithi wa Afghanistan. Chama hicho kilisaidia kupiga picha na kuorodhesha vilivyosalia, na kukusanya habari za vilivyoonekana sokoni. Mwaka 1996 watumishi wa makumbusho walipakia mabaki ya ghala na kuyahamishia hotelini katikati ya jiji, wakimaliza muda mfupi kabla ya Wataliban kuingia mwezi Septemba. Makadirio ya kawaida ni kwamba asilimia 70 ya mkusanyiko ilikuwa imeshapotea.

Njia ya magendo ilikuwa fupi. Vitu vilivuka mpaka hadi Peshawar, vikapata wachuuzi, kisha vikaelekea London, Geneva na Tokyo. Sheria ya kimataifa ilikuwepo. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1954, ulioandikwa baada ya uporaji mkubwa wa Vita Kuu ya Pili, unazitaka pande zinazopigana kulinda mali za utamaduni, na kifungu chake cha 19 kinahusu hata vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unakataza biashara ya mali za namna hiyo zilizotoroshwa. Ila mkataba humbana aliyeuridhia. Uingereza na Japani ziliingia katika mkataba wa 1970 mwaka 2002, Uswisi mwaka 2003, na Afghanistan yenyewe mwaka 2005. Katika miaka ile ambayo Darulaman ilikuwa ikikombwa, masoko makubwa yaliyopokea mali yake hayakuwa yamejifunga kwa mkataba huo. Mkataba wa The Hague nao uliridhiwa na Marekani mwaka 2009 na Uingereza mwaka 2017. Ni vigumu kuitazama orodha hiyo ya miaka bila kuona kwamba nchi tajiri zilikubali kufunga mlango baada ya mzigo kuingia.

Wakati huohuo masanduku ya ikulu yalikaa kimya. Waliojua walikuwa wachache, mmojawapo Omara Khan Massoudi, ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi wa makumbusho. Mishahara ilikatika, na inasimuliwa kwamba wapo watumishi waliouza viazi mtaani ili kulisha watoto. Nje, uvumi ulienea kwamba dhahabu ya Tillya Tepe ilichukuliwa Moscow, au iliyeyushwa, au iliuzwa na Najibullah. Hakuna aliyejitokeza kuukanusha. Ukimya wao haukuwa bila gharama, kwa kuwa mbele ya watu walionekana ama wezi ama wazembe. Lakini uvumi kwamba hazina haipo ulikuwa ngome bora kuliko milango ya chuma ya Darulaman.

Utawala wa Taliban haukuanza na uharibifu wa sanamu. Mwaka 1999 kiongozi wao, Mulla Omar, alitoa amri ya kulinda mabaki ya kale, zikiwemo sanamu kubwa za Budha za Bamiyan. Mwishoni mwa Februari 2001 aliigeuza: sanamu zote zivunjwe. Mwezi Machi sanamu mbili za Bamiyan, moja ya mita 55 na nyingine ya mita 38, zililipuliwa. Katika makumbusho na ghala la wizara, maofisa wa serikali wenyewe walikuja na nyundo na shoka. Vitu vipatavyo 2,500 vilipondwa, ikiwemo sanamu ya mfalme wa Kikushani, Kanishka, iliyotoka Surkh Kotal. Mfumo wa kufuli na lakiri haukuwa na jibu hapa, kwa sababu aliyekuja kuvunja ndiye aliyekuwa na mamlaka juu ya mwenye ufunguo.

Palipokosekana kufuli, palitumika hila. Katika jumba la taifa la picha za kuchora, daktari na mchoraji Mohammad Yousef Asefi alichukua picha zipatazo 80 za rangi ya mafuta zilizokuwa na watu na wanyama, akavifunika viumbe hivyo kwa rangi ya maji. Mtu alipakwa majani, farasi akawa sehemu ya kilima. Wakaguzi walipita, wakaona mandhari tu. Rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta iliyokauka, na utawala ulipoanguka Asefi alilowesha sponji, akafuta mbele ya watu, viumbe vikatokea kama vilivyokuwa. Watumishi wa filamu za taifa nao walijenga ukuta wa uongo na kuficha nyuma yake mikanda ya zamani. Darulaman, watumishi waliokota vipande vya sanamu zilizovunjwa na kuviweka kwenye magunia na masanduku. Wakati ule vilionekana kifusi.

Kabla ya kuukimbia mji mwezi Novemba 2001, Wataliban wanasemekana kuwa walijaribu kukivunja chumba cha hazina cha benki wakashindwa. Katika simulizi inayorudiwa sana, mtumishi mmoja wa benki alikuwa amevunjia ufunguo ndani ya tundu la mlango. Mwezi Agosti 2003 Rais Hamid Karzai alitangaza kwamba masanduku ya makumbusho yamo salama. Ufunguzi wa masanduku hayo mwaka 2004 ulifanywa kwa utaratibu uleule wa tahwildar: mashahidi, watu wa sheria, na orodha. Funguo za sefu zilizokuwa ndani ya chumba hazikupatikana, ikabidi sefu zenyewe zikatwe kwa msumeno wa umeme. Mwanaakiolojia Fredrik Hiebert alisimamia uorodheshaji, na Sarianidi, aliyekuwa mzee sasa, aliitwa kuthibitisha. Uthibitisho wake haukuhitaji maabara. Katika vipande vya kwanza kutolewa alikiona kimoja chenye waya mdogo, waya alioufunga yeye mwenyewe alipokitengeneza mwaka 1978.

Kisa cha Kabul kina ndugu yake Baghdad. Kabla ya vita vya mwaka 2003, watumishi wa Makumbusho ya Iraq walificha vitu 8,366 vya maonyesho mahali palipojulikana na watu watano tu, walioapa kwa Kurani kutosema. Dhahabu ya mji wa kale wa Nimrud ilikuwa imewekwa Benki Kuu tangu wakati wa vita vya Ghuba. Makumbusho yaliporwa kati ya tarehe 10 na 12 Aprili 2003, vitu vipatavyo 15,000 vikaibwa. Vilivyofichwa vyote vilipatikana. Dhahabu ilikutwa chini ya maji machafu katika vyumba vya benki vilivyofurika. Katika miji yote miwili kilichoamua si askari mlangoni. Ni siku zilizotumika kufunga mizigo kabla ya risasi ya kwanza, na watu waliokuwa radhi kudhaniwa vibaya.

Hata hivyo mbinu ya kuficha huokoa kile kinachofichika. Dhahabu na pembe huingia sandukuni. Sanamu ya mawe ya urefu wa mtu haiingii, wala jabali la Bamiyan. Jaribio la kuvipeleka vitu nje ya nchi nalo lilikuwa na utata wake. Mwaka 1999, Paul Bucherer wa Uswisi alikubaliana na pande zote mbili za vita, Taliban na wapinzani wao, kuanzisha makumbusho ya uhamishoni huko Bubendorf. Wapo waliosita, kwa kuwa kuhamisha mali za kale kutoka nchi iliyo vitani ndicho hasa kitendo ambacho mikataba ilikuwa ikikipinga. Matokeo yaliwajibu: vitu vipatavyo 1,400 vilivyokusanywa Bubendorf vilirudishwa Kabul mwaka 2007.

Vingine vimerudi kidogo kidogo. Mwaka 2012 Makumbusho ya Uingereza yalirejesha zaidi ya vitu 800, zikiwemo pembe za Begram zilizoibwa, ambazo mfadhili alizinunua sokoni ili zirudi kwao. Japani ilirudisha zaidi ya vitu 100 mwaka 2016, vingi vikiwa vimekusanywa na mchoraji Ikuo Hirayama, aliyeviita wakimbizi. Jengo la Darulaman lilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2004. Sanamu ya Kanishka iliunganishwa. Kuanzia mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago walishirikiana na watumishi wa Kabul kutengeneza upya orodha iliyoungua, na magunia ya vifusi yaliyohifadhiwa mwaka 2001 yakageuka kuwa kazi ya kuunganisha vipande.

Dhahabu ya Tillya Tepe haikurudi Darulaman. Mwezi Desemba 2006 ilianza kuonyeshwa Paris, na kwa miaka zaidi ya kumi ikazunguka Washington, New York, London, Australia na China. Maonyesho hayo yaliiletea nchi fedha, na kila mwaka uliopita hazina ikiwa nje ulikuwa mwaka mmoja zaidi wa usalama. Baadaye ilirudishwa katika chumba cha hazina cha Benki Kuu. Wataliban walipoingia tena Kabul tarehe 15 Agosti 2021, maofisa wao waliwaambia waandishi kwamba wameanza kuitafuta, kisha wakasema iko salama. Makumbusho yalifunguliwa tena mwishoni mwa mwaka huo, walinzi wa Taliban wakiwa getini na wengi wa watumishi walewale wakiwa ndani.